Geti la Nyuma na Sauti ya Shangazi

Ndugu waombolezaji, kabla ya yote nawaomba waliokaa juu ya ukuta wa jirani washuke, si kwa ubaya, ukuta ule una umri mkubwa kuliko marehemu, na leo familia haina nguvu ya msiba wa pili.

Nawasalimu nyote, ndugu wa damu, majirani, wafanyabiashara wa soko mliofunika meza zenu tangu asubuhi, jamaa mliotoka ng'ambo na bado mnasinzia kwa saa za huko, na viongozi wa chama mliokuja na magari mengi kuliko viti tulivyoweza kuazima. Mimi ni mtoto wa kaka yake marehemu, wengi mnanijua kwa kazi yangu ya jukwaani, ambako watu huanza kucheka kabla sijafungua mdomo, na leo sitawakataza, kwani marehemu mwenyewe hakuwahi kukaa msibani bila kumfanya mtu mzima ajizibe mdomo kwa mtandio.

Familia imenipa kazi ya kusoma historia hii kwa sharti moja, kwamba niisome yote. Nasema hivyo kwa sababu juzi jioni tuliletewa hapa nyumbani historia nyingine, imepigwa chapa kwenye karatasi nzito yenye nembo ya chama, pamoja na bendera ya kufunika jeneza, na ni historia nzuri kwa kweli, ina shujaa, ina mwali wa ukombozi, ina mahali nilipoambiwa ninyamaze ili watu wapige makofi, kasoro yake ni moja tu, haimhusu shangazi yangu.

Jambo jingine ni njia. Kutoka hapa kwenda makaburini kuna njia mbili, ya kwanza ni barabara kuu, inayozunguka soko lote, ambako chama kimepanga magari yake na kusimamisha jukwaa ili jeneza lisimame mbele yake na hotuba isomwe, na ya pili ni kukata katikati ya soko na kutokea geti la nyuma, ambalo ukilivuka tu umefika. Geti hilo leo limefungwa, na ufunguo anao mama mmoja, muuza vitunguu, aliyekaa pale kulia karibu na mlango wa jiko. Marehemu aliagiza, na aliagiza mbele ya watu, kwamba mama huyo asiombwe, asitumiwe mjumbe, asishikwe mkono na mtu anayelia, akifungua tumpitishe pale, asipofungua twende barabara kuu na jukwaa lao, na asije akalaumiwa na mtu yeyote. Kwa hiyo wote mliogeuka kumtazama, geuzeni shingo zenu mnitazame mimi, mimi nimezoea.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1961, katika chumba kilichokuwa nyuma ya kibanda cha baba yake, fundi viatu, kwenye pembe ya kaskazini ya soko hilohilo, akiwa mtoto wa tatu na wa kike peke yake, na bibi yetu alikuwa akisema kwamba wale wa kiume walipozaliwa walilia, huyu alipozaliwa alijibu. Alikulia kati ya gundi, ngozi na misumari midogo, na familia ilipohamia nje ya soko, kila mchana alitumwa nyumbani kuchukua chakula cha baba yake, akipita geti la nyuma la soko, geti la chuma lililopakwa rangi ya kijani, zito, lenye bawaba iliyolia kama mtu anayekanyagwa kidole, naomba mlikumbuke geti hilo, kwa sababu yeye hakulisahau hata siku moja, na ndiko yalikotokea yote.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akiwa wa kwanza darasani kwa kusoma kwa sauti na wa kwanza pia kusimamishwa nje kwa kosa la kuendelea kusoma kwa sauti baada ya kuambiwa basi. Hakuendelea na masomo ya juu, alijifunza ususi kwa mama yake mdogo, na mwaka 1979 akafungua kiti chake, nasema kiti kwa sababu duka halikuwepo, kilikuwa kiti kimoja na ndoo iliyogeuzwa, hatua chache tu kutoka geti la kijani, mahali ambapo upepo ulipita na mteja hakuloa jasho.

Tarehe 12 Desemba 1984 alifunga ndoa na dereva wa malori, mtu mpole aliyesema maneno machache kwa sababu, kama alivyotueleza sisi watoto, yaliyobaki yote yalikuwa yameshachukuliwa. Walijaliwa mtoto mmoja wa kike, mwaka 1986, ambaye ni muuguzi na yuko hapa pamoja nasi, dada yangu kaza moyo, nipo. Mwaka 1992 mume wake alipata kazi ng'ambo, katika ghala la mizigo, na marehemu akamfuata na mtoto mwezi Septemba 1994, akiacha kiti chake kwa rafiki yake mkubwa pale sokoni, ambaye wakati huo alikuwa binti mwenye meza ndogo ya vitunguu. Ndiyo, ndiye huyohuyo. Siku ya kuondoka walisindikizana hadi geti la nyuma, marehemu akamwambia, "Nitunzie kiti, narudi mwakani," na mwenzake akamjibu, "Mwakani ya nani?"

Huko ng'ambo alifanya kazi ya kufagia ofisi, kisha ya kufua na kukunja mashuka ya hoteli, mpaka mwaka 2001 alipofungua saluni yake, chumba kirefu chembamba kati ya fundi saa na duka la kufua nguo, chenye viti vinne, kioo kimoja kilichopasuka pembeni na hita iliyopasha joto miguu tu, na wenzetu waliofika pale wanasema hakukuwa na ubalozi uliofanya kazi kama chumba kile. Kusuka kichwa kunachukua muda, na mtu aliyekaa muda huo wote hana budi kuongea, na watu wetu wakiwa mbali hawana la kuongea zaidi ya nyumbani. Palikuwa na dereva wa teksi, palikuwa na mfanya usafi wa treni, palikuwa na bwana mmoja aliyewahi kufundisha chuo kikuu na sasa alilinda maegesho ya magari, wakamwita Profesa, hakuwa na nywele kabisa lakini alikuja saluni kila Jumamosi. Marehemu alikuwa akisema kwamba serikali kamili ilikaa pale, ina mawaziri wa kila wizara isipokuwa waziri wa kufagia nywele zilizoanguka, na akimnyooshea Profesa ufagio alikuwa akimwambia, "Mheshimiwa, umeteuliwa."

Mume wake alifariki huko mwaka 2009, na baada ya msiba ule saluni haikufungwa mapema tena, nyumbani hapakuwa na wa kumrudia, binti alikuwa ameshaolewa, basi akabaki na wateja na siasa. Simu zilipoanza kurusha matangazo ya moja kwa moja, aliiegemeza yake kwenye kopo la mafuta ya nywele, kamera ikitazama mikono na kichwa cha mteja, uso wake hauonekani, sauti tu, na hivyo ndivyo alivyopata jina la Shangazi wa Hewani, jina alilopewa na watu ambao wengi wao hakuwa hata binamu yao.

Wote mnaokumbuka miaka ile mnajua hali ilivyokuwa. Kila familia ilikuwa na mtu wake ng'ambo, na mtu wa ng'ambo hakuwa na kura hata moja hapa nyumbani, lakini alikuwa na za ukoo mzima, baba mzima mwenye mvi anampigia simu mtoto wake wa mwisho kumuuliza, mwanangu, huyu diwani tumpe au tumnyime. Na huyo mtoto wa mwisho naye alikuwa amesikia kwa Shangazi. Wanasiasa wa hapa walipanda ndege kwenda kukaa kwenye kiti kilichopasuka ngozi ili waonekane mikono ya marehemu ikiwa nyuma yao, wengine hawakuwa na nywele za kusuka, akawapaka mafuta tu wakashukuru. Chama hiki kilichotuletea bendera kilikuwa kikichagua wagombea wake wa mji huu kwa kusikiliza kwanza saluni imesemaje, na msemaji wake, ambaye namwona pale mbele, alikuwa akimwita mama mzazi. Nisiseme uongo kwa sababu ya jeneza, marehemu alivimba kichwa. Alipiga simu hapa kutueleza bei ya unga wa hapa. Alimweleza baba yangu, anayekaa mtaa huu tangu azaliwe, kwamba mtaa wetu una taa za barabarani, baba akiwa amesimama gizani.

Nafika sasa mahali ambapo historia ile ya karatasi nzito ilipita mbio, na mimi sitapita mbio.

Tarehe 21 Oktoba 2017, siku chache baada ya uchaguzi, matokeo ya mji huu yakiwa yanabishaniwa, wafanyabiashara wa soko walikaa chini katikati ya meza zao wakakataa kuondoka hadi kura zihesabiwe upya, na waliombwa kufanya hivyo na marehemu, hewani, kwa kauli yake mwenyewe. Saa za mchana askari waliingia kwa geti la mbele. Mabomu ya machozi yakaanza. Kila mwenye simu alikuwa amefungua matangazo ya Shangazi, sauti juu, na mmoja wao, dada muuza ndoo, akapiga akaunganishwa, akasema kwa kupaliwa, "Shangazi, wameingia, tunatokea wapi?" Marehemu alikuwa ameshika kichwa cha mteja, nusu kimesukwa nusu kimefumuka, na hakufikiri hata kidogo, mtu hafikirii njia ya nyumbani kwao, akasema, "Kimbilieni geti la nyuma, lile la kijani, nyuma ya mafundi viatu, likisumbua sukumeni kwa bega."

Geti la nyuma halikuwepo. Lilikuwa limezibwa kwa matofali tangu mwaka 1998, miaka minne baada ya yeye kuondoka, halmashauri ilipotaka watu wote wapite mbele, na hakuna aliyewahi kumwambia, kwa sababu nani anampigia mtu simu ng'ambo kumweleza habari za ukuta, tunawapigia kuwaeleza harusi na magonjwa. Vijana wa soko, waliozaliwa geti likiwa limeshazibwa, na wageni waliokuja kuunga mkono, walikimbilia uchochoro ule mwembamba wa mafundi viatu, ambao mwisho wake hawakuwahi kuufikia, kwa sababu sauti waliyoiamini iliwaambia kuna mlango mwishoni. Muuza vitunguu alisimama mdomoni mwa uchochoro akipiga kelele, "Huko hakuna geti! Rudini! Huko hakuna geti!" Lakini yeye alikuwa na koo moja, na simu za soko zima zilikuwa zinasema lipo.

Wa mbele walifika ukutani, wa nyuma hawakujua, wakaendelea kusukuma kwa bega kama walivyoelekezwa. Wengi waliumia, dada muuza ndoo mkono wake wa kushoto haujanyanyuka tangu siku ile, na binti mmoja hakutoka, fundi cherehani, aliyekuwa akishona sare za shule, binti wa pekee wa muuza vitunguu. Huko ng'ambo matangazo hayakukatika. Marehemu alisikia yote, na mteja aliyekuwa kwenye kiti, ambaye yupo hapa leo, anasema alibaki ameshika nywele zake bila kuziachia, na chumba kizima kikasikia mama mmoja, mbali, akiita jina.

Ndugu zangu, tulieni. Wale vijana wa chama mnaosimama, kaeni, bado tupo.

Siku mbili baadaye msemaji wa chama na wenzake wa tawi la ng'ambo walifika saluni, wakafunga mlango kwa ndani, wakamweleza marehemu kwamba msiba ule unaweza kuangusha halmashauri nzima iwapo utaelezwa vizuri, na kuuelezea vizuri ni kusema kwamba geti lilikuwepo, na askari walilifunga asubuhi ya siku ileile. Profesa, aliyekuwa amekaa kwenye kona yake ya kawaida na ufagio wake, anayakumbuka maneno kama yalivyosemwa, "Shangazi, nani atabisha? Waliokuwa hapa watasema walivyoambiwa, na waliokuwa kule hawana redio." Marehemu akauliza, "Na mama yake?" Wakamwambia, "Mama yake tutamtunza." Akawauliza tena wanajua mama yake anaitwa nani. Msemaji akaanza kutafuta kwenye karatasi zake. Akawafungulia mlango.

Siku ile jioni aliegemeza simu kwenye kopo, safari hii aliigeuza, uso wake ukaonekana kwa mara ya kwanza, na wengi walishtuka kuona ni mzee kuliko sauti yake, akasema kwa ufupi kwamba askari walifanya kosa kuingia na silaha kwenye soko la kina mama na hilo wataulizwa, lakini ukuta ule ni wa miaka mingi, hakuufunga mtu siku ile, na yeye aliwatuma watu kwenye soko lililobaki kichwani mwake tu. Akazima. Hakurusha tena matangazo maisha yake yote. Waliomwita mama mzazi wakamwita kibaraka kabla wiki haijaisha, saluni ikatupiwa mayai, wateja wakapungua mpaka viti vitatu vikawa vya kuwekea makoti, na hao hao, ndugu zangu, ndio waliotuletea bendera juzi, na katika historia yao, ukurasa wa pili, geti linafungwa na askari asubuhi. Msemaji, naona unatazama saa. Nimebakiza kidogo.

Akampigia simu muuza vitunguu, haikupokelewa. Akaendelea kupiga, haikupokelewa, mpaka dada muuza ndoo alipoipokea yeye, akamwambia, "Shangazi, huyu hataongea na wewe, usimchoshe. Ukitaka kutufaa, safari hii usituelekeze. Uliza." Binti yake marehemu anasema mama yake aliandika neno hilo kwa wanja pembeni ya kioo kilichopasuka, na likakaa pale mpaka saluni ikafungwa.

Basi akaanza kuuliza. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba soko litajengwa upya kwa mkopo wa serikali ya nchi ileile alikokuwa akiishi, na mkandarasi wa huko, na kwamba ramani mpya nayo ina geti moja tu, la mbele. Marehemu alimwomba muuza ndoo atembee soko zima na simu mkononi, aonyeshe, aeleze, asikatizwe, na mwanamke aliyewahi kutueleza bei ya unga wetu akakaa kimya akitazama mitaro, ngazi, mabati na ule uchochoro, na kila akitaka kusema anajua, anaonekana amejiziba mdomo kwa chanuo. Kisha yeye, Profesa, dereva wa teksi na wateja wachache waliobaki wakaenda kwa mbunge wa huko, wa mtaa wao wa ng'ambo, si wa kwetu, wakasimama nje ya ofisi yake kwenye mvua, na mbunge yule, ambaye hakuweza kulitamka jina la nchi yetu hata baada ya kusaidiwa, alielewa mara moja kwamba watu wale wana kura kwake. Huku nyumbani walikuwa sauti bila kura, kule walikuwa kura bila sauti, siku ile wakaviunganisha. Mbunge akauliza bungeni kwao kwa nini fedha ya walipa kodi wake inajenga soko lisilo na pa kutokea, waziri wao akamuuliza mkandarasi, mkandarasi akaiuliza halmashauri yetu, na halmashauri yetu, iliyokuwa imekataa kuwasikia wanawake hawa miaka yote hiyo wakiwa wanapiga kelele dirishani kwake, ikasikia kutoka upande wa pili wa dunia. Haikunifurahisha, na marehemu pia haikumfurahisha, alisema ni aibu kwamba mtu anasikika vizuri zaidi akiwa mbali. Lakini mwezi Mei 2021 matofali yalivunjwa, geti jipya likawekwa, na wanawake wa soko wakakaa kikao wakampa ufunguo muuza vitunguu, aulinde yeye, kila siku afungue asubuhi na kufunga jioni.

Marehemu alirejea nyumbani tarehe 8 Januari 2022, akakaa hapa kwa kaka yake, akasuka watoto wa mtaa huu barazani. Kila alipohitaji kwenda makaburini kwa wazazi wake alizunguka barabara kuu, juani, na miguu yake mliiona ilivyokuwa imevimba, majirani wakimwambia, "Shangazi, katisha hapo getini," anajibu, "Najinyoosha." Hakupita geti lile hata mara moja. Alikuwa akisema atapita akiambiwa pita. Yeye na muuza vitunguu walikutana mara nyingi, mji huu ni mdogo, mmoja alisimama, mwingine alipita.

Mwezi Novemba 2023 alianza kusumbuliwa na figo, akawa anapelekwa hospitali ya wilaya kusafishwa damu, akilalamika kwamba amefua mashuka ya wazungu na ya weusi ila hakutegemea na yeye kufuliwa. Wauguzi walimpenda, aliwasuka kwa mkono mmoja, ule usio na mpira. Mwezi Julai mwaka huu hali ilibadilika, akalazwa, na ni hapo alipotoa agizo la njia niliyowaeleza, mbele ya daktari, baba yangu, binti yake na mimi, nikamwambia, "Shangazi, ngoja mimi nikaongee naye, mimi watu hawaninyimi kitu," akanishika sikio, mtu mzima mimi, mbele ya daktari, akaniambia, "Mimi nilikalishwa kitako nikaambiwa niulize, na kuuliza pia kuna siku si ruhusa." Alifariki tarehe 17 Agosti 2024, alfajiri, akiwa na miaka sitini na mitatu. Ameacha binti mmoja, wajukuu wawili, kaka mmoja, na sisi wengine ambao hatukuzaliwa naye lakini hatukuwa na namna ya kumkwepa.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, waliomhudumia na kuvumilia maoni yake kuhusu namna ya kuwahudumia wagonjwa wengine. Nawashukuru majirani waliopika, waliofagia, na yule aliyetuazima maturubai na kuyadai usiku huohuo kisha akayarudisha kwa aibu. Nawashukuru wasusi wenzake, Profesa aliyesafiri na ufagio wa saluni ndani ya begi, sijui alipitaje uwanja wa ndege, na dereva wa teksi, na mteja wa siku ile, ambaye mpaka leo, mnamwona, anasuka upande mmoja tu. Nawashukuru wafanyabiashara wa soko kwa kuja, hatukujua kama mtakuja. Nawashukuru na chama, bendera yenu iko salama, imekunjwa, iko juu ya kabati, mtaichukua mkiondoka.

Hapa karatasi yangu imebakiza mstari mmoja tu, na kabla sijausoma nawaomba mpishe, pisheni tafadhali, mama ameinuka. Msimshike. Mpisheni tu.

Kwa walio nyuma na ambao hawasikii, hana kipaza sauti na hakitaki, nitawarudishia maneno yake kama yalivyo. Mama anasema, wabebaji wasikilize. Anasema geti linafunguka kwa ndani, msilisukume, mlivute. Anasema kushoto kuna mfereji hauna mfuniko, wa kushoto waangalie miguu. Anasema chini kuna kizingiti, kimeinuka kwa kulia, nyanyueni miguu mnapovuka, msije mkamwangusha. Dada muuza ndoo anamuuliza kutoka pale, mmesikia wenyewe, "Kwa hiyo umemsamehe?" Mama anajibu, "Nimesema kuna kizingiti."

Ameshatangulia. Nausikia ufunguo. Wabebaji, nyanyueni.

Shangazi, umekaa kimya ukaelekezwa, na anayekuelekeza ndiye anayelifungua kila asubuhi. Pita. Pumzika kwa amani.